Benchi Lililobaki Matangani

Asifiwe na Patrick,

Pasta ameniomba niwaandikie kazi ya mwangalizi wa kanisa, kwa kifupi, kabla sijaanza kusahau. Kwa kifupi ni hivi: mnafungua, mnafagia, mnafunga, na jioni mnalala na mgongo unaouma. Mengine mtayaona wenyewe. Lakini Jumanne mliniuliza swali jingine pale mlangoni, juu ya mabenchi, na hilo sikuweza kulijibu nimesimama. Viti vya plastiki vimekwisha kufika. Jumamosi baraza la kanisa litakaa kuamua kama mabenchi ya zamani yauzwe kwa fundi anayezitaka mbao zake. Ni mbao za libuyu, mti mgumu wa thamani, na siku hizi libuyu inapita juu ya malori kwenda Uganda, sisi tunabaki na vumbi. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanataka kuuza. Nimeyabeba mabenchi hayo tangu ujana wangu, na kuna asubuhi niliyachukia kuliko ninyi mtakavyoweza kuyachukia.

Basi nitaandika kazi ilivyokuwa, pamoja na habari ya lile benchi la nyuma ambalo mlikatazwa kulikalia na hamkuambiwa sababu. Mkishasoma, semeni Jumamosi mnachoona ni haki. Mimi sitakuja. Nimekwenda retreti, nimestaafu, na nimechoka kweli.

Nilifika Bunia kutoka Mahagi nikiwa na mke mmoja, godoro moja na mapacha wawili. Ndiyo sababu mpaka leo mnaniita Baba Mapasa, hata ninyi ambao hamjui jina langu la ubatizo. Ubatizo wenyewe ulikuwa wa Kikatoliki. Mjomba wangu ndiye aliyenitafutia kazi kwa Wamethodisti, na nilipomwambia kwamba mama yangu atalia, alisema mama yangu atalia zaidi akisikia mapacha wanalala njaa. Nikakubali. Rozari yangu niliificha mfukoni mwa suruali, na ilikaa humo miaka mingi bila Mmethodisti yeyote kuumia.

Kanisa wakati ule lilikuwa la udongo, na paa la mabati lililovuja upande wa kwaya. Wenyeji walinihadithia lilikoanzia. Fundi cherehani mmoja aliyekuja kutoka upande wa Maniema alikuwa akisogeza cherehani yake kila Jumapili, watu wakasali kwenye barza ya nyumba yake. Majirani walikuja kwa sababu ya nyimbo. Tena waliimba kwa Kiswahili, na katika mji wenye lugha nyingi kama huu, hakuna aliyeweza kusema kanisa hili ni la wale au la hawa. Watu walipozidi barza, wakanunua kiwanja. Hawakuwa na mimbari wala kengele. Walikuwa na mabenchi tu, kwa sababu mzee wa kwanza wa kanisa, Mzee Kambale, alikuwa fundi seremala. Alikuwa akisema mtu anaweza kusali mvua ikimnyeshea mradi ameketi, lakini msimamishe chini ya paa zuri uone kama atangoja mahubiri yaishe.

Huyo Kambale ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Butembo, mfupi, mikono kama magogo, na hakuwa na maneno ya kupoteza. Siku ya kwanza nilitegemea anipe ufagio. Alinionyesha benchi.

“Beba,” akasema.

Nikataka aone kwamba amepata kijana. Nikalikumbatia katikati, likanyanyuka upande mmoja, upande wa pili ukanichapa mguu. Alingoja nimalize kuruka-ruka.

“Nguvu iko,” akasema. “Akili njo bado. Benchi ya hapa haibebwe na mutu moya. Miye niliitengeneza vile.”

Nilidhani anajitetea kwa sababu alitumia mbao nzito mno. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amesema kweli: aliyatengeneza mazito makusudi, ili mtu asiweze kuondoka na benchi peke yake, awe mwizi au awe na haraka. Mwizi wa benchi la kanisa letu alihitaji rafiki, na marafiki wa wizi hawakosi kugombana njiani. Tulipata mawili vichakani kwa namna hiyo.

Mchana wa siku ile ile akaja jirani, muuza nyama, Mwislamu. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi. Hakueleza mengi, alisema tu, “Muzee, siye tuko na kilio,” na Kambale akaondoa kofia, akaniita tukaanze kupakia. Nilimnong’oneza kwamba hawa si watu wetu, hata Wakristo si Wakristo.

“Matako haina dini,” akanijibu kwa sauti ambayo nina hakika muuza nyama aliisikia. “Shika kule.”

Hivyo nikajifunza kazi yenyewe ilikuwa nini. Kufagia ni dakika chache. Kazi ilikuwa kupeleka mabenchi matangani na kuyarudisha. Mtu yeyote wa kartie yetu, mtaa wetu huu, akifiwa, awe wa dini gani, wa kabila gani, mabenchi ya Wamethodisti yalitangulia kufika kabla ya sufuria na kabla ya turubai. Kuna majirani waliozaa, wakazeeka na kufa bila kuingia kanisani kwetu hata mara moja, na bado walijua benchi lipi lina mguu mfupi.

Sikilizeni sasa mambo ya mikono, maana haya hamtayaona kwenye kitabu chochote cha kanisa. Mabenchi hupakiwa kwenye pusupusu, ule mkokoteni wetu wa kusukuma, miguu ikiangaliana, na hufungwa kwa mipira ya matairi, si kwa kamba, kwa sababu kamba hulegea mnapoteremka kuelekea soko. Kabla ya kuondoka, pitisha kiganja juu ya kila benchi ukitafuta msumari uliochomoza. Mtu aliyefiwa halafu akachaniwa kitenge chake hatakusamehe kamwe, na ana haki. Ukifika, usianze na pole ndefu. Shusha kwanza. Weka la wazee karibu na ukuta wapate pa kuegemea, acha njia ya jeneza kupita, kisha toa pole ukiwa na jasho, itaaminika. Usiulize marehemu alikufa na nini. Utaambiwa, tena na watu wengi, kila mmoja na ugonjwa wake.

Watu wa harusi hatukuwapa. Walikuja kila mwaka kuomba, wengine na soda mkononi, na Kambale aliwarudisha. “Benye furaha banaweza kusimama,” alisema. Soda alipokea.

Katika mabenchi yanayotoka, moja huwa la wafiwa, linawekwa karibu na mlango wa nyumba. Hapo ndipo ilipo desturi ambayo nadhani haipo kanisa jingine lolote. Matanga yakishaanuliwa, wafiwa wenyewe huyaosha mabenchi, wakasaidiana nasi kuyarudisha, na Jumapili inayofuata wanakuja kuketi juu ya benchi lao ndani ya ibada, kabla mtu mwingine hajalikalia. Tuliita kurudisha benchi. Yule muuza nyama alikuja na ndugu zake wamevaa kofia zao nyeupe, wakasikiliza mahubiri mpaka mwisho, wakasalimia watu, wakaenda zao. Nilimwuliza Kambale sababu. Alisema benchi likirudi bila mtu, watoto wa Jumapili watakalia kilio cha watu wengine bila kujua, na mfiwa atabaki huko nyumbani akidhani bado yuko matangani. Wachungaji wetu, kama mnavyojua, askofu huwahamisha, na kila mchungaji mpya alitafuta jambo hili katika kitabu cha taratibu za Kimethodisti. Hakulipata. Kisha akafiwa yeye, au jirani yake, akaacha kutafuta.

Ikaja miaka ile. Sitaieleza. Wazazi wenu waliokuwapo watawaeleza wakitaka, na kama hawataki waacheni. Nitasema tu kwamba mji uligawanyika vipande, na mtu alijua kichochoro cha kupita kwa kuangalia uso wa aliyesimama pale. Makabila ya watu ninaowasimulia sitayaandika. Wa Bunia mtabahatisha hata hivyo, ndio ugonjwa wetu.

Jirani na kanisa aliishi Mama Neema, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Watu wake wengi walikuwa wamekwisha kukimbia kartie yetu. Yeye alibaki kwa sababu mumewe, fundi wa redio, alikuwa akisema hakuna mtu anayemchukia fundi wa redio. Asubuhi moja wakamwua njiani akitoka kutafuta chumvi. Tulimzika haraka, watu wachache, mchungaji akisoma maneno huku akitazama barabara.

Tuliporudi, Mama Neema alikuja hapa kanisani, mtoto wake mgongoni, macho makavu. Aliongea na Kambale.

“Muzee, munipatie benchi moya tu. Batu baone ku nyumba yangu iko kilio.”

Tulielewa wote. Siku zile nyumba isiyo na watu wa kuketi matangani ilikuwa imejulikana haina watu. Kesho yake wangekuja vijana kuuliza mwenye kiwanja ni nani, na yeye angejibu na nani? Hakuomba kufarijiwa. Alitaka ionekane kwamba akiguswa kuna watakaojua.

Mimi niliogopa. Pusupusu letu lilijulikana, kila mtu angeona tunakolipeleka. Nilimwambia Kambale labda tupeleke lile moja, kwa mikono, tupitie uani. Alikuwa amekwisha kuanza kufunga mipira.

“Moya ni ya kuonea batu haya,” akasema. “Tunapeleka yote inaenea.”

Tukapeleka yote yaliyoweza kuenea. Tukayapanga chini ya turubai kama ilivyo desturi, la wafiwa karibu na mlango, la wazee ukutani, njia tukaiacha ingawa hapakuwa tena na jeneza la kupita. Kisha tukakaa. Kambale benchi lake, mimi langu, Mama Neema na mtoto kwenye lile la mlangoni. Mabenchi mengine yote matupu. Nimeona mengi katika kazi hii, nimesaidia kubeba majeneza ambayo mtu mmoja angeweza kuyabeba kwapani, lakini sijaona kitu kibaya kama mabenchi yale matupu mchana ule. Watu walipita barabarani wakatazama miguu yao. Walikuwa watu wema, wote nilikuwa nimewapelekea mabenchi. Niliona aibu kwa niaba yao, na nilijua kwamba bila Kambale kunitazama, nami ningekuwa miongoni mwao.

Ng’ambo ya ua wa mianzi alikaa Mama Furaha. Huyu mnamjua, ndiye yule bibi wa kwaya asiyeona vizuri, wakati ule alikuwa mwanamke wa nguvu. Alikuwa wa upande wa pili. Kaka yake wa pekee aliuawa mwezi ule, na waliomwua walikuwa watu wa kwao Mama Neema. Mabenchi yalikuwa yametoka kwake karibuni tu. Aliyaosha mwenyewe, akaja akarudisha benchi Jumapili, akalia ibada nzima.

Sasa alikuwa amesimama nyuma ya ua, tunaona kilemba chake tu. Hakuondoka na hakuja. Nilidhani atatukana. Nilikuwa nangojea atukane, nijue la kufanya.

Mama Neema alimwona. Hakumwita. Alimpakata mtoto, akajisogeza taratibu mpaka mwisho wa benchi, akabaki ameketi pembeni kabisa, upande mmoja wa paja ukiwa nje. Benchi lote likawa wazi. Akakaa hivyo, anatazama mbele.

Kambale aliacha kutafuna kijiti chake. Kisha tukasikia mlango wa ua, na Mama Furaha akaja, hakutoa pole, hakutazama mtu, akaketi kwenye ile nafasi. Mtoto alinyoosha mkono akashika kitenge cha Mama Furaha, naye akakiachia kishikwe.

Baada yake akaja mke wa muuza nyama. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakiingia kwa aibu kama watu waliochelewa ibada. Jioni nilikuwa nimesimama kwa kukosa nafasi, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama inaruhusiwa matangani.

Ningependa niishie hapo, lakini mji haukuishia hapo. Kiwanja hakikuguswa siku zile, hilo ni kweli. Lakini kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu za Mama Neema walifika kumchukua wakiwa na haraka, kuna njia iliyokuwa wazi ya kuelekea kwao Aveba, na hakuna aliyejua itafungwa lini. Aliondoka na mtoto na masanduku ya redio za watu. Alipita hapa mlangoni.

“Muzee, benchi sijairudisha,” akamwambia Kambale.

“Utairudisha.”

“Nitairudisha.”

Mabenchi tukayaosha mimi na mke wangu. Kambale alilichukua lile la wafiwa, tukalibeba naye mpaka nyuma kabisa, ndani ya kanisa, akaligeuza litazame mbele. “Hii ingali ku matanga,” akasema. “Mutu asiikale.” Tangu hapo halikukaliwa, wala halikutoka tena kwenda kwa mtu.

Mabenchi mengi tuliyapoteza katika miaka ile. Mengine yaligeuzwa kuni, mengine yakawekwa barabarani kuzuia magari. Moja nililikuta muda mrefu baadaye kwenye baa upande wa Komanda. Nilikunywa soda juu yake kwa heshima, nikaliacha, maana nilikuwa peke yangu. Lile la nyuma lilibaki. Kila mchungaji mpya aliuliza kwa nini watu wanasimama wakati kuna benchi tupu. Nilimweleza. Wa kwanza alinielewa. Wa pili aliomba juu yake ili alifungue. Wa tatu alileta kitambaa akaliweka kama meza ya vitabu vya nyimbo, na nilivitoa vitabu kila Jumatatu mpaka akachoka. Kambale alipokufa, mabenchi yalikwenda kwake, nikayapanga mwenyewe. Kabla hajafa sikusikia wosia wowote wa maana, alisema tu niangalie msumari wa benchi la nyuma, upande wa kushoto.

Na kazi iliendelea, hilo ndilo linalonichosha kueleza. Mngedhani vita vikiisha matanga yanapungua. Vita vya hapa huisha na kuanza kama mvua za mchana, na katikati yake watu hufa kwa kuharisha na kwa pikipiki. Walikuja wakimbizi kutoka vijijini, wakafa mbali na kwao, wakahitaji pa kuketisha watu. Kuna miezi mabenchi hayakulala kanisani hata siku moja, yalitoka nyumba hii yakaingia ile bila kuoshwa, na Jumapili tuliabudu tumesimama. Magoti yangu yamebaki huko njiani. Nilifika mahali mtu akija analia mlangoni, kitu cha kwanza nilichofikiri ni gurudumu la pusupusu. Si kwamba moyo wangu ulikuwa mgumu, ulikuwa umechoka tu, na moyo uliochoka hufanana sana na mgumu. Mkifika hapo, msiogope. Endeleeni kupakia.

Wiki ile ya kuniaga, nilikuwa nafagia kwa mara ya mwisho au karibu ya mwisho, mkisubiri funguo. Akashuka mwanamke kwenye pikipiki, vumbi mpaka nyusi, akauliza Baba Mapasa ni nani. Nilimtazama, nikaona uso wa mwimbaji wa sauti ya pili.

“Miye njo Neema,” akasema. “Nimetoka Aveba. Mama alikufaka.”

Nikamwambia pole. Nikauliza, kwa mazoea ya kazi, kama watu walikuja.

“Balikuya wengi. Baliikala chini, benchi haikukuwa.” Alifuta uso. “Mbele ya kufa alisema: ku Bunia, ku kanisa, niko na benchi. Kama ninakufa mbele, weye wende uirudishe.”

Niliacha ufagio. Miaka yote ile nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mwanamke yule amesahau, na kwamba benchi limebaki kwa ubishi wa marehemu Kambale na wangu. Nilimwingiza ndani, nikamwonyesha. Hakulikalia. Aliomba maji na sabuni, akaliosha lote, hata chini ya miguu, kisha akalipangusa kwa kanga yake. Nilitafuta msumari upande wa kushoto. Ulikuwapo.

Jumapili mliiona wenyewe, ingawa mlikuwa na shughuli ya kupanga viti vyeupe. Neema aliingia peke yake, akaenda moja kwa moja nyuma. Kijana wa protokole, wale wanaoonyesha watu pa kuketi, mwenye kitambaa mkononi alimwahi: “Dada, benchi ile haikaliwe. Kuya huku, kiti iko.” Nikamwambia, “Umuache aikale.” Akaketi mwishoni kabisa, kama mama yake, sijui alijifunza wapi, maana siku ile alikuwa mgongoni na mapajani tu.

Wimbo wa pili ulipoanza, Mama Furaha alisimama pale kwenye kwaya. Mtu alikuwa amemwambia. Alikiacha kiti chake cha plastiki, akaja akipapasa mabega ya watu, safu hadi safu, kwaya ikaendelea bila sauti yake. Alipofika nyuma akaligusa benchi kwa fimbo.

“Weye njo mutoto ya redio?”

“Njo miye, Mama.”

“Sogea. Mama yako alinisogelea.”

Hapakuwa na haja ya kusogea, benchi lilikuwa tupu lote. Neema akasogea hata hivyo, mpaka akakaribia kuanguka, na bibi yule akaketi karibu naye, akaushika mkono wake na hakuuachia mpaka baraka ya mwisho. Nililia. Mimi niliyezika nusu ya kartie hii bila chozi kwa sababu nilikuwa kazini, nililia mbele ya protokole.

Ibada ilipokwisha, Neema alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukalitoa nyuma tukaliweka pamoja na mengine pale ukutani. Kabla hatujanyoosha migongo, watoto wa Jumapili walikuwa wamekwisha kulipanda na viatu. Sikuwafukuza.

Kwa hiyo sasa hakuna benchi linalongojewa. Nimesema hivyo makusudi, ili mtu asije Jumamosi akatumia jina la Mama Neema kulizuia baraza. Mabenchi yote yamerudi. Yakiuzwa, yatauzwa bila mtu kubaki matangani.

Limebaki jambo moja dogo. Mlinipa zawadi, nashukuru, kiti kizuri cha plastiki chenye mikono miwili, mmefunga na ua la karatasi. Nilikibeba kichwani mpaka nyumbani, ni chepesi kweli, mtu mmoja anaweza kwenda nacho popote. Nikakiweka barzani, nikaketi, nikaweka mikono pale pa kuweka mikono. Mke wangu akatoka jikoni, akasimama mbele yangu na sahani ya sombe, akakitazama mbele na nyuma.

“Na miye nitaikala wapi?”

Nikasimama, tukaenda kukaa kizingitini wote wawili, tukala.